Jino la Riali 20 Lililotugharimu Riali 170



Wiki hii hatuzungumzii viwango vya kubadilisha fedha. Tunazungumzia jino. Na kabla hujasema "haya, ukurasa wa akiba umeingiliwa na daktari," subiri kidogo ufike kwenye hesabu hapo chini. Jino lenyewe ni letu sisi tunaoandika hapa. Tunasema "sisi" kwa mazoea ya ukurasa, lakini mdomo ulikuwa mmoja na maumivu hayakugawanywa.

Ilianza mwezi wa kumi. Gego la mwisho la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka. Likiguswa na maji baridi linapiga kelele mpaka sikioni. Tukaenda kliniki moja karibu na Ruwi, daktari akaangalia, akasema: "Hili bado linazibika. Riali 20." Tukasema asante, tutarudi. Hatukurudi.

Kwa nini? Kwa sababu ile ile inayokuzuia wewe. Mama yupo Tanga, nyumba imefika kwenye paa, na fundi amepiga simu kwamba bati zikipanda bei atazikosa. Zile riali 20 tukaziunganisha na nyingine, tukatuma. Tukajiambia jino linaweza kusubiri, mvua haisubiri. Mhasibu mzima, mwenye digrii ya biashara, ambaye kila wiki anawaambia wenzake waandike matumizi yao, akafanya hesabu ya upande mmoja tu wa daftari.

Miezi minane ya kujidanganya

Ukiwa na jino bovu unakuwa hodari wa kulizunguka. Unatafuna upande mmoja. Chai unainywa vuguvugu. Usiku unalalia shavu zima. Dukani wanakujua: ukiingia tu, muuzaji anashusha pakiti ya dawa ya maumivu bila kuuliza. Mara mbili shavu lilivimba, mara mbili tukameza dawa za kuua vijidudu, mara mbili uvimbe ukashuka tukasema limepona.

Halikupona. Hili tunataka lieleweke vizuri, maana tunajua vyumba vingi vya wafanyakazi vina mfuko wa vidonge nusunusu unaopita kitanda hadi kitanda. Dawa zile zinaweza kupunguza uvimbe kwa muda, lakini shimo la jino linabaki palepale na uchafu unaendelea kuingia. Na dawa aliyoandikiwa mwenzako kwa kifua chake siyo dawa ya jino lako. Dawa nyingine ya mitaani ni kuweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Usifanye hivyo. Inaunguza nyama ya mdomo, sasa unakuwa na jino na kidonda.

Mwezi wa tano, tunakula mkate tu, si mfupa, gego likakatika. Kipande kikatoka mdomoni kama changarawe, kilichobaki kikawa sawasawa na ufizi. Kule kliniki daktari akapiga picha ndogo, akajaribu kulishika, likazidi kumeguka. Akaweka vyombo chini. "Mizizi imejikunja, na iko karibu na mshipa wa fahamu. Hili si la kwangu tena. Nenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa."

Ndani ya chumba cha upasuaji

Tunaeleza hatua kwa hatua kwa sababu wengi mnaahirisha kwa woga, si kwa pesa tu.

Kwanza alitaka picha ya taya zima, ile unasimama na mashine inakuzunguka kichwa. Inaonyesha mizizi imekaaje na umbali wake na ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini na kuupa mdomo na kidevu hisia zake. Mshipa huo ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache haurudi kabisa. Daktari mzuri anakwambia hayo kabla ya kukupa karatasi ya kusaini. Wetu alituambia, kisha akaandika namba 48 kwenye karatasi. Ndiyo namba ya gego la mwisho la chini kulia, kwa mpango unaotumika nchi nyingi. La chini kushoto ni 38, la juu kulia 18, la juu kushoto 28. Kama Kiarabu au Kiingereza chako ni cha kuombea maji, namba hiyo ni rafiki. Muulize, "Namba ngapi?" na umwonyeshe kwa kidole mwenyewe.

Akatuuliza maswali: una mzio wa dawa gani, una sukari, presha, seli mundu, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Dada zetu wanaulizwa kama wana mimba. Jibu kweli yote, hata kama bosi amesimama pembeni. Ukiona huwezi kusema mbele yake, omba aondoke. Hilo ni ombi la kawaida kabisa.

Kisha sindano za ganzi. Hizo zinauma, hatutakudanganya, lakini ni kitambo kidogo. Baada ya dakika chache mdomo unakuwa mzito kama si wako. Alichana ufizi, akasaga mfupa kidogo, akaligawa jino vipande viwili na kutoa kimoja kimoja. Unasikia kusukumwa, unasikia mlio, lakini maumivu makali hutakiwi kuyasikia. Ukiyasikia inua mkono, ataongeza ganzi. Sisi tuliinua mara moja. Nyuzi tatu, shashi ya kuuma, dakika kama 40, tumemaliza.

Kitu kilichotunyima usingizi miezi minane kilikuwa kwenye kisahani, kidogo kuliko kokwa ya tende.

Sasa daftari

Hapa ndipo kwetu. Tulikaa jioni, shavu limefungwa barafu, tukaandika kila kitu kwa riali za Oman:

- Dawa za maumivu, miezi 8, riali 2 kwa mwezi: 16
- Dawa za kuua vijidudu mara mbili: 9
- Kliniki ya kwanza, kuonwa na picha ndogo: 10
- Picha ya taya zima: 15
- Upasuaji: 90
- Dawa za baada ya upasuaji: 7
- Teksi kwenda na kurudi: 8
- Saa za ziada tulizokosa kazini: 15

Jumla: riali 170.

Kuziba kungekuwa riali 20. Kwa dola, maana riali yetu imefungwa kwenye dola, ni kama dola 52 dhidi ya dola 442. Tofauti ya riali 150 haikwenda Tanga, haikwenda kwenye kibubu, na jino hatunalo. Bei hizi ni zetu sisi na kliniki zetu. Zako zitakuwa nyingine. Lakini mwelekeo ni mmoja: kuziba au kung'oa kwa kawaida ni rahisi kuliko kupasua, na kupasua ni rahisi kuliko kulazwa hospitali usaha umeshuka shingoni.

Na hilo la mwisho si kutishana. Shavu likivimba mpaka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au ukawa na homa juu ya uvimbe, hiyo ni dharura. Huendi dukani, husubiri Ijumaa, humsubiri bosi arudi safari. Unakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nani analipa?

Sisi tulikuwa na kadi ya bima ya kazini. Tulijisikia salama mpaka tulipoifungua ile karatasi yenye maandishi madogo: meno hayamo, isipokuwa umeumia kwa ajali. Bima nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wiki hii, kabla jino halijauma, ni kuuliza maneno haya matatu: "Meno yamo ndani?" Ukijibiwa ndiyo, uliza mpaka kiasi gani, kliniki gani, na kama unalipa kwanza halafu unarudishiwa. Ukirudishiwa, risiti ni pesa. Ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa risiti unafutika.

Kwa dada na kaka wa kazi za ndani, sheria za nchi kadhaa za Ghuba zinamwekea mwajiri jukumu la matibabu yako. Qatar ina Sheria namba 15 ya mwaka 2017 ya wafanyakazi wa nyumbani, inayomtaka mwajiri akutibie bila kukubebesha gharama. Emirati ina sheria ya mwaka 2022, ambayo pia inakupa siku 30 za ugonjwa kwa mwaka: 15 za kwanza kwa mshahara kamili, 15 zinazofuata bila malipo, ukiwa na cheti cha daktari. Tangu Januari 2025 bima ya afya inatakiwa kwa wafanyakazi wa nyumbani katika emirati zote. Tunajua, sheria iko kwenye karatasi na madamu yuko jikoni. Ndiyo maana tunasema ombi lako liwe kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu, na uhifadhi. Usianze na ugomvi. Anza hivi:

"Madamu, jino langu linauma siku nne sasa na shavu limevimba. Naomba kesho asubuhi niende kwa daktari wa meno. Kazi za asubuhi nitazimaliza kabla."

Kwa mdomo, ukisema "dhirsi y'awwirni" watakuelewa: gego langu linaniuma. "Tabib asnan" ni daktari wa meno. "Waram" ni uvimbe. "Hasasiya" ni mzio. Yaandike nyuma ya simu yako.

Mlioko Uingereza upande wa England, kung'oa jino kwa daktari wa meno wa NHS kumo katika daraja la pili la malipo. Kuanzia Aprili 2025 yalikuwa pauni 75.30 kwa matibabu yote ya awamu hiyo, hata yakiwa meno mawili. Wajawazito, na waliojifungua ndani ya miezi 12, hawalipi. Shida ni kupata daktari anayepokea wapya, kwa hiyo jiandikishe ukiwa mzima. Mlioko Marekani, chumba cha dharura kitakuangalia lakini mara nyingi kitakupa dawa tu na jino utarudi nalo pamoja na bili. Ulizieni vituo vya afya vya jamii vinavyopanga bei kwa kipato, na vyuo vya udaktari wa meno, ambako wanafunzi wanatibu chini ya walimu wao kwa bei ya chini.

Maswali kabla ya kutoa pesa

Ukiambiwa bei, usiseme "sawa" haraka. Uliza:

Bei hiyo ina nini ndani? Picha, ganzi, nyuzi, dawa, na kurudi kukaguliwa? Kwetu kliniki moja ilisema 75, tukafurahi, kumbe picha na kutoa nyuzi ni pembeni. Iliyosema 90 ilikuwa na kurudi mara mbili ndani yake.

Je, jino hili linazibika badala ya kung'olewa? Na kama ni la kung'olewa, lazima apasue bingwa, au daktari wa kawaida anaweza?

Naweza kulipa mara mbili?

Na ukiambiwa, "tung'oe magego yote manne ya mwisho, utapata punguzo," tulia. Gego la mwisho lisilo na ugonjwa si lazima litolewe. Uingereza waliweka mwongozo huo tangu mwaka 2000: yale mazima yasiyosumbua yaachwe. Punguzo la kitu usichokihitaji si akiba.

Wengine mnasema, "Nitang'oa nikienda likizo, nyumbani rahisi." Inawezekana, tena tunaiunga mkono kama likizo iko karibu, hakuna uvimbe na daktari amekubali. Ila fanya wiki ya kwanza ya likizo, si siku mbili kabla ya ndege. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, na ukipata shida unataka daktari yule yule awe karibu.

Siku tatu ambazo hutakiwi kuwa shujaa

Ukitoka, uma shashi kwa nguvu kiasi, nusu saa au zaidi. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme teme, usinywe kwa mrija, usivute sigara wala shisha. Shimoni kuna bonge la damu, na lile bonge ndilo bandeji yako. Likitoka, mfupa unabaki wazi, na siku ya tatu au ya nne unapata maumivu mapya makali kuliko ya mwanzo, yenye harufu mbaya. Ikitokea, rudi kwa daktari, kuna dawa ya kuweka shimoni.

Barafu iliyofungwa kitambaa shavuni, dakika 15 unaweka, 15 unatoa, siku ya kwanza. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu, usishtuke. Baada ya saa 24 sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula. Kula uji usio moto, mtindi, ndizi, viazi vya kuponda. Panadol za miligramu 500 zisizidi vidonge 8 kwa saa 24, na angalia dawa ya mafua usije ukawa unameza kitu hicho hicho mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au mimba asimeze ibuprofen bila kumwuliza daktari.

Halafu kazi. Ndugu zetu wa saiti: kubeba saruji na kuinama kunaamsha damu siku za mwanzo, na dawa kali za maumivu na ngazi havikai pamoja. Omba karatasi ya mapumziko kabla hujatoka kliniki, maana kuirudia kesho yake ni teksi nyingine. Dada zetu: siku mbili bila kubeba mtoto mzito na bila kuinamia beseni si uvivu, daktari amesema. Mwonyeshe madamu karatasi.

Kuwaambia nyumbani

Hapa ndipo pagumu kuliko sindano. Mwezi ule hatukuweza kutuma kama kawaida. Mdogo wetu akaandika, "Au umeoa huko?" Tuliumia. Kisha tukakumbuka kwamba hatukuwahi kuwaambia. Miezi minane tunapiga simu kwa video tumegeuza shavu zima kwenye kamera. Wangejuaje?

Tukampigia mama, tukamweleza jino, bei, na kwamba mwezi huu ni nusu. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Mvua mimi nina ndoo za kukingia. Wewe jino ulikuwa unakinga na nini?"

Basi. Hakuna aliyetulazimisha. Tulijilazimisha wenyewe, tukaita upendo.

Kwa hiyo mwambie mtu mmoja wa nyumbani mapema, kwa tarakimu: "Mwezi huu nina matibabu ya riali kadhaa. Nitatuma kiasi hiki. Mwezi ujao tunarudi kawaida." Watu wanakubali upungufu wenye tarehe ya kwisha kuliko ukimya.

Fungu la mwili

Kuanzia mwezi wa sita tumeongeza mstari mmoja kwenye daftari letu, juu ya mstari wa "nyumbani", si chini yake. Tunauita fungu la mwili. Riali 3 kila mshahara. Kwa mwaka ni 36. Haitoshi upasuaji, lakini inatosha kuonwa na kuziba jino moja, na hapo ndipo pesa inapookolewa. Usiiweke kwenye simu ile ile unayotumia kutuma nyumbani, itaondoka.

Mnaokaa wengi chumba kimoja, jaribuni hivi: watu 8, kila mmoja riali 1 kwa mwezi, ni 96 kwa mwaka. Atakayepata dharura ya matibabu anakopeshwa bila riba na anarudisha kidogo kidogo, tuseme kwa miezi 10. Ni mkopo, si zawadi, maana wa kwanza akilipiwa 90 chungu kimebaki na 6. Mmoja ashike pesa, mwingine ashike daftari. Wasiwe mtu mmoja. Hilo tunalisema kama wahasibu.

Na yule ambaye sasa hivi anasoma huku ametafuna upande mmoja: nenda kesho kaulize bei ya kuziba. Kuuliza tu. Halafu tuandikieni umeambiwa kiasi gani na uko mji gani, tukusanye bei za wenzetu tuzilinganishe wiki ijayo.

Jumatatu tunarudi kule Ruwi. Kuna tundu dogo kwenye jino la jirani yake. Riali 20, na safari hii zimeshatengwa.